Pikipiki iliyosimama inavyofanywa ikimbie: uchambuzi wa kisa kimoja cha mwanga na mwendo

Picha iliyoletwa ilikuwa ya pikipiki iliyosimama. Imepigwa jioni, jua limeshazama lakini anga bado lina rangi. Mwendeshaji amekaa kitini na helmeti kichwani, miguu yote miwili juu, na taa ya mbele na ya nyuma zimewashwa. Kilichozuia chombo kisianguke ni stendi ya pembeni. Kamera ilikaa ubavuni kabisa, na flashi moja ikamulika kutoka upande wa kamera, kwa hiyo chuma kinang'aa na mikunjo ya jaketi inaonekana. Mteja alitaka bango la pikipiki inayokimbia: mwili wake uwe wazi, nembo kwenye tangi isomeke, na nyuma yake kuwe na mchirizi mwekundu wa taa.

Kabla ya kunifikia, faili lilikuwa limepita kwa mhariri mwingine na toleo lake limekataliwa. Mteja hakuweza kuonyesha kasoro kwa kidole, alisema tu haamini anachokiona. Nililifungua toleo hilo nikalikagua leya kwa leya, yaani tabaka moja moja la picha iliyopangwa juu kwa juu, na lazima niseme kazi ya mkono ilikuwa safi. Maski, yaani mipaka inayoamua sehemu ipi ya leya ionekane, zilikuwa zimekatwa kwa uangalifu. Mandhari ya nyuma ilikuwa imetiwa ukungu wa mwendo wa kulala. Magurudumu yalikuwa yamezungushwa mpaka spoki zikapotea. Nyuma kulikuwa na mchirizi mwekundu ulionyooka, mnene penye taa na mwembamba mwishoni, na kwenye taa ya mbele kukawekwa nyota ya miale. Ukitazama kila kimoja peke yake, hakina ubaya. Ubaya ni kwamba vitu hivyo vinne haviwezi kutokea katika picha moja.

Hapa ndipo kiini cha kisa hiki, na ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Mwendo ndani ya picha ni rekodi ya kitu kimoja tu: nini kilihama mbele ya sensa (kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera) wakati shata (mlango unaouruhusu mwanga kuingia) iko wazi. Ukiifuata pikipiki kwa kamera, pikipiki inabaki palepale kwenye sensa na dunia ndiyo inayohama. Mandhari inakuwa mistari, magurudumu yanazunguka, lakini taa ya nyuma haichori chochote, kwa sababu nayo imetulia pamoja na pikipiki. Taa za barabarani ndizo zitakazochora. Ukiituliza kamera kwenye miguu mitatu, mambo yanageuka: mandhari ni kali, taa ya nyuma inachora mchirizi, na pikipiki yenyewe inakuwa kivuli cha ukungu. Toleo lililokataliwa lilichukua mandhari kutoka hali ya kwanza na mchirizi kutoka hali ya pili. Mtazamaji hajui fizikia hiyo kwa maneno, lakini ameona picha za aina hiyo maisha yake yote, na jicho lake linakataa kabla hajajua kwa nini.

Kwa hiyo swali la kwanza halikuwa nitumie filta gani. Lilikuwa: kamera ipi, shata ipi, na flashi ipi ingeweza kutoa picha anayoitaka mteja? Jibu lipo, na ni la zamani kuliko programu yoyote ya kuhariri. Mwaka 1949 mpiga picha Gjon Mili alimpiga Picasso huko Vallauris, kusini mwa Ufaransa, akichora hewani kwa taa ndogo gizani. Shata ilibaki wazi muda wote wa kuchora, ndiyo maana mstari wa mwanga unaonekana ukiwa umening'inia, na mwako wa flashi ukamgandisha Picasso mwenyewe. Shata ndefu inatoa mchirizi, flashi inatoa mwili. Kwa chombo kinachokwenda, flashi inapaswa kuwaka mwishoni, shata inapokaribia kufungwa, ili mchirizi ubaki nyuma. Ikiwaka mwanzoni, mchirizi utatokea mbele ya pikipiki na itaonekana kama inarudi kinyumenyume.

Bahati yetu ni kwamba picha ya asili ilishapigwa kwa flashi. Mwanga juu ya chuma na jaketi ulikuwa tayari ule ambao hali hii ingeutoa. Kama ingepigwa kwa mwanga wa anga peke yake, ningeshauri njia ya kuifuata kwa kamera na kumwambia mteja ausahau mchirizi.

Baada ya hapo nikaweka namba. Mwendo wa kilomita 36 kwa saa ni mita 10 kwa sekunde, namba rahisi kuhesabia na inayoaminika kwa barabara ya mjini. Picha ilikuwa na upana wa pikseli 6000, na pikipiki yenye urefu wa takriban mita 2 ilichukua pikseli 2400, yaani pikseli 1200 kwa kila mita. Shata ya theluthi moja ya sekunde inatoa mwendo wa mita 3.3, sawa na pikseli 4000. Taa ya nyuma ilikuwa kwenye pikseli ya 3300 hivi kutoka ukingo wa kushoto, kwa hiyo mchirizi unatoka nje ya fremu. Nililitaka hilo makusudi. Mchirizi halisi unaoanzia ndani ya fremu unaanza ghafla, kama umekatwa kwa mkasi, maana ndipo shata ilipofunguka. Ni sahihi, ila kwenye bango ungeonekana kama kosa, na mteja angeuliza.

Hili linatupeleka kwenye ule unene uliokuwa unapungua. Wahariri wengi huchora mchirizi wa taa kama mkia wa kimondo, wakidhani sehemu ya zamani lazima iwe imefifia. Sensa haisahau. Mwanga ulioingia mwanzoni mwa shata unabaki na nguvu ileile kama ulioingia mwishoni. Kama taa haibadiliki na mwendo ni mmoja, mchirizi una mng'ao mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Unapungua unene pale tu chombo kinapotoka mbali kuja karibu, na unazidi kung'aa pale kinapopunguza mwendo, kwa sababu taa inakaa muda mrefu zaidi juu ya kila pikseli. Pikipiki yetu ilikuwa inapita ubavuni, kwa hiyo mchirizi ukabaki na unene uleule.

Kuuchora kulihitaji kukwepa mtego wa namba. Taa ya nyuma ilionekana kwa upana wa pikseli 40. Ukiitawanya juu ya pikseli 4000, kila pikseli inapata sehemu moja ya mia. Kwenye faili la biti 8, ambamo nyeupe kamili ni 255, programu ikifanya hesabu juu ya namba zenyewe unabaki na 2 au 3: giza. Ndiyo maana mtu anatia ukungu wa mwendo kwenye taa na taa inatoweka, halafu anaanza kupaka rangi kwa brashi ili kuirudisha. Shida ni kwamba 255 ile ni uongo. Taa halisi inang'aa mara nyingi zaidi ya nyeupe ya karatasi, ila faili lilikata kila kilichozidi. Suluhisho ni kufanya kazi kwenye biti 32, ambako thamani inaweza kuvuka nyeupe. Photoshop ina hali hiyo, na GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, imeipata tangu toleo la 2.10 la mwaka 2018, pamoja na uwezo wa kuchanganya rangi kwa mwanga wenyewe badala ya namba zilizopindwa kwa ajili ya skrini. Niliipandisha taa mara 50 juu ya nyeupe katika mfereji wa nyekundu (faili hutunza nyekundu, kijani na bluu kila moja kwenye mfereji wake), na mara chache zaidi ya nyeupe katika kijani. Mara 50 ukigawanya kwa 100 unapata nusu ya mwanga wa nyeupe, na nusu hiyo ikirudishwa kwenye namba za kawaida za sRGB, mfumo wa rangi wa skrini, inasomeka 188. Huo ni mchirizi unaoonekana bila kupakwa chochote.

Filta yenyewe sikuitumia hapa. Ukungu wa mwendo wa Photoshop hutawanya pande zote mbili kwa usawa, kwa hiyo nusu ya mchirizi ingetokea mbele ya taa, na kitelezi chake kinaishia pikseli 2000. Kwa mchirizi wa mng'ao mmoja kuna njia nyepesi: chukua safu moja ya wima ya pikseli katikati ya taa, iweke kwenye thamani uliyokwisha kuhesabu, uivute kulala mpaka nje ya fremu. Kisha niliukunja kidogo sana kwa zana ya kupindisha, ukapanda na kushuka kwa pikseli chache hapa na pale. Pikipiki ina springi na lami ina mabonde. Mstari ulionyooka kama rula unasema moja kwa moja kwamba umetengenezwa mezani.

Kuhusu rangi, mchirizi wa taa nyekundu hauna wekundu mmoja. Katikati, mfereji wa nyekundu unajaa kabisa na ule mwanga mdogo wa kijani unaanza kuonekana, kwa hiyo kiini kinaelekea rangi ya machungwa. Pembeni unabaki wekundu mzito, na nje ya hapo kuna mng'ao mpana na hafifu unaotokana na lenzi. Kwenye biti 32 hali hii inajitokeza yenyewe ukitia ukungu wa kawaida kwenye nakala ya mchirizi na kuijumlisha juu ya ile ya kwanza. Anayefanya kazi kwenye biti 16 atahitaji leya tatu za upana tofauti.

Hali ya kuchanganya leya nayo si suala la kuonja. Mwanga unaoingia moja kwa moja kwenye lenzi hujumlishwa na ule uliopo, basi leya yake iwe kwenye hali ya kujumlisha. Hali ya Skrini inafanana nayo kwa mbali, lakini imejengwa isivuke nyeupe: nusu na nusu zinatoa robo tatu badala ya nzima, kwa hiyo inapooza pale hasa unapotaka mwanga uungue. Mwanga unaoangukia kitu na kurudi ni jambo jingine. Huo huzidishwa na rangi ya kitu chenyewe. Lami nyeusi ikimulikwa inabaki lami, kokoto zake zinazidi kuonekana. Toleo la kwanza lilikuwa limepaka brashi nyeupe barabarani mbele ya taa, na matokeo yake yalikuwa ukungu unaoelea juu ya lami. Nilitumia leya ya kupandisha mwangaza yenye maski laini, na kila punje ya lami ikabaki mahali pake.

Umbo la eneo lile lilihitaji kufikiriwa pia. Taa ya mbele humulika barabara mita kadhaa mbele ya gurudumu, na sote tumezoea kuweka duara la mwanga hapo na kuondoka. Lakini kwa theluthi ya sekunde duara hilo limesafiri mita 3.3. Barabara iliyo chini ya pikipiki, na kipande kilicho nyuma yake kidogo, vilimulikwa wakati shata iko wazi. Kwa hiyo maski ya mwanga wa barabara ikavutwa kuelekea nyuma kwa pikseli zilezile 4000. Hilo badiliko moja ndilo lililoifanya pikipiki ikae barabarani badala ya kuning'inia juu yake.

Na taa ya mbele yenyewe? Hapa kuna jambo ambalo sijawahi kuliona likifanywa kwenye kazi za haraka, nami nalipenda sana. Taa ya mbele nayo inachora mchirizi. Kabla ya kufika ilipo, ilipita mahali ambapo sasa pana tangi, goti la mwendeshaji na kiti. Mchirizi wake uliandikwa kwenye sensa kwanza, kisha flashi ikaandika mwili wa pikipiki juu ya pikseli zilezile, na sensa ikajumlisha vyote. Kwa hiyo mchirizi hafifu unakatiza juu ya tangi na juu ya goti. Katika programu, leya hiyo inakaa juu ya pikipiki, si chini yake, ingawa akili ya kawaida inakataa. Ukiangalia kutoka ubavuni taa ya mbele ni hafifu, maana mwanga wake unaelekea mbele, basi niliiweka kwa nguvu ndogo, mstari mwembamba ambao haufichi nembo. Ile nyota ya miale niliiondoa. Taa inayohama haiwezi kuacha nyota iliyotulia.

Mteja alitaka kujua kwa nini sikuyazungusha magurudumu mpaka spoki zipotee. Kwa sababu mwili ulioganda umegandishwa na flashi, na flashi imegandisha kila kitu kwa pamoja. Flashi ndogo inayowaka kwa nguvu pungufu hutoa mwako wa sekunde 1/4000 au mfupi zaidi. Kwa mita 10 kwa sekunde, hapo pikipiki imesogea robo ya sentimita, sawa na pikseli 3, na nembo bado inasomeka. Spoki haziwezi kupotea huku nembo ikiwa kali. Hata hivyo gurudumu linalobingirika lina siri yake: sehemu inayogusa lami imetulia kabisa kwa nukta hiyo, kitovu kinakwenda na mwendo wa pikipiki, na sehemu ya juu inakwenda mara mbili ya mwendo huo. Basi ukungu uwe pikseli 0 chini, 3 kwenye kitovu, 6 juu. Filta ya kuzungusha inaweza kutoa hivyo hasa, mradi usiweke kiini chake kwenye kitovu cha gurudumu kama kila mtu anavyofanya. Kiweke pale tairi linapogusa lami. Kwa gurudumu la kipenyo cha sentimita 60, mzunguko unaohitajika ni karibu nusu digrii. Ni kidogo mno ukilinganisha na vitelezi vya kuvutia vilivyomo kwenye menyu, na ndicho kilicholigeuza gurudumu la maegesho kuwa gurudumu linalokwenda.

Kilichobaki ni kivuli cha mwili wenyewe. Katika theluthi ile ya sekunde pikipiki ilipita mbele ya mandhari na kuiziba. Ina mita 2, kwa hiyo nukta moja ya nyuma inaweza kuzibwa kwa sekunde 0.2 kati ya 0.33, yaani asilimia 60 ya muda. Ukingo mweupe wa barabara ulio upande wa pili ulipaswa kufifia nyuma ya pikipiki kwa kiasi hicho. Nilichukua umbo la pikipiki nzima kama leya ya giza, nikalipunguza nusu ya ukubwa ili ukungu wa pikseli 2000 utoshe, nikalirudisha kwenye ukubwa wake na kulisogeza nyuma pikseli 2000 ili ule utawanyaji wa pande mbili uishie pale pikipiki ilipo. Kabla ya hapo mandhari ilikuwa imesafishwa: pikipiki imetolewa kabisa na nafasi yake kujazwa kwa barabara na miti, kwa sababu leya ya mandhari yenye mabaki ya pikipiki inatoa utepe wa rangi kuzunguka maski, na hakuna brashi inayouficha vizuri.

Hesabu hiyohiyo ya kuziba ndiyo ingeweza kuangusha kazi nzima. Helmeti ina upana wa kama sentimita 30. Mahali ilipo sasa, imekaa mbele ya mandhari kwa sekunde 0.03 tu kati ya 0.33, na kwa muda uliobaki, yaani karibu asilimia 90, sensa ilikuwa inaona kilicho nyuma. Kama nyuma yake pangekuwa na anga angavu, kichwa cha mwendeshaji kingekuwa nusu kioo. Kwenye picha hii nyuma ya helmeti palikuwa na miti iliyokwisha kuwa nyeusi, na anga lilianzia juu zaidi. Ndicho nilichokikagua kwanza kabisa kabla ya kukubali kazi, na kila anayeandaa picha ya namna hii aombe mandhari nyeusi nyuma ya kichwa na mabega.

Jaketi lilibaki kuwa tatizo ambalo hakuna filta inayolitatua. Lilining'inia wima kama la mtu aliyekaa kibarazani. Kwa mwendo wa mita 10 kwa sekunde upepo unalijaza mgongoni na kuinua pindo. Nililipindisha kwa zana ya kusukuma pikseli, pindo likainuka, lakini mikunjo ya kifuani bado ni ya jaketi lililotulia, na anayeijua kazi ataiona. Dawa yake ilikuwa feni wakati wa kupiga picha. Stendi ya pembeni nayo ilifutwa, na kivuli chake chini kikafutwa, hili la pili likisahaulika mara nyingi kuliko la kwanza.

Mwisho ni chenga, vile vidoadoa vidogo vinavyoonekana kwenye picha ukiikuza. Chenga huzaliwa kwenye sensa, hazihami na kitu. Kwa hiyo picha halisi ina chenga zilezile kwenye mchirizi, kwenye kivuli cha ukungu na kwenye helmeti, ilhali ukungu wa programu unazifuta na kuacha sehemu laini kama plastiki. Niliongeza chenga kwenye leya zote zilizopitia ukungu mpaka zikalingana na za anga, nikitazama kwa ukubwa wa asilimia 100. Zilisaidia pia kuvunja ngazi za rangi zilizoanza kujitokeza angani faili liliposhushwa kutoka biti 32 hadi 8. Mteja alipokea faili la bango na nakala ya wima ya simu. Kwenye hiyo ya wima mchirizi ulibaki kipande kifupi, akaomba urefushwe kwa kuisogeza pikipiki ukingoni, na hilo lilifanyika kwa kusogeza kundi zima la leya kwa pamoja, mwanga wa barabara ukiwemo.